Injini Iliyofungwa kwa Chuma

Posen, Michigan
Agosti 9, 1983

Kaka Florian,

Natumai barua hii itapanda kwenye meli yenu salama na kukukuta na vidole vyote mikononi. Sisi huku ni wazima, isipokuwa gari.

Tafadhali usinune kabla hujamaliza kusoma. Tangu utoe zile mauntini za mpira zilizokuwa zimeshika injini ukaweka vyuma vyako, gari la marehemu baba halirukiruki tena nikikanyaga mafuta. Hilo nakubali, hata mama anakubali. Injini imetulia kama imezikwa. Lakini sasa bomba la ekzosi linagonga sakafu, upande anaokaa mama. Linagonga kutoka hapa mpaka hospitali ya Alpena, na kutoka Alpena mpaka hapa, na wajua tunakwenda kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi kwa ajili ya mashine ya kusafisha damu. Mama anasema baba amefufuka na kikohozi chake, ila safari hii hatupumzishi hata akilala.

Nilimpitia Norbert Kolaski kwenye gereji yake. Alilala chini ya gari, akatoka anacheka. Anasema mpira ulikuwa mnene kuliko vyuma vyako, kwa hiyo injini imeshuka, na bomba limeshuka nayo upande wa mbele. Limekosa nafasi. Limelalia kile chuma kinachokingama chini ya injini, na kwa vile limelala pale, upande wa nyuma limebenuka juu na kugusa sakafu. "Mwambie kaka yako gari si meli," kasema. Anataka kurudisha mpira.

Nikamwambia ngoja nimuulize mwenyewe, maana nakujua. Sema nifanye nini, kichwa kinaniuma kwa kelele.

Mdogo wako,
Berni

*

Ndani ya meli, tunakaribia Detroit
Agosti 20, 1983

Berni,

Barua yako niliipata tulipopita Detroit safari iliyopita, ilipandishwa kwenye ndoo pamoja na gazeti la kapteni na dawa za minyoo za paka wa mpishi. Yangu nitaishusha kwa ndoo hiyohiyo boti ya posta ikija ubavuni, kwa hiyo naandika mbio.

Norbert mwambie hivi: tangu darasa la tatu anatafuta siku ya kunicheka, na leo hajaipata. Mpira unaoza. Mpira ulikatika mara mbili, na mara ya pili injini iliruka ikavuta waya wa mafuta mkiwa barabarani, umesahau? Huku chini mimi naishi na injini kubwa kuliko nyumba yetu na imefungwa chuma kwa chuma. Haijawahi kwenda popote bila ruhusa.

Bomba ni jambo dogo. Inua gari kwa jeki, weka magogo chini, usiamini jeki peke yake. Mtungi wa gesi wa baba upo ghalani. Lichome bomba pale linapolalia chuma mpaka liwe jekundu, kisha lipige nyundo libonyee. Unataka kidole kimoja kiweze kupita katikati. Nyuma, legeza ule mpira unaoning'iniza bomba ili lishuke kidogo kutoka kwenye sakafu. Basi. Wewe umewahi kuchomelea jembe la trekta, hili halikushindi.

Na gari lisiguswe na Norbert. Nakusihi, Berni. Mwaka huu mzima nyumba imenipata kwa wiki mbili tu, na nilichoifanyia nyumba ni hicho. Kiache kisimame.

Nimechoka sana. Zamu zimeongezwa kwa sababu mwenzetu mmoja amevunjika mguu. Mbusu mama.

Florian

*

Posen
Septemba 11, 1983

Kaka Florian,

Nimefanya. Nimeungua kiwiko, nimetukana kwa Kipolandi na Kiingereza, na Father Zygmunt alikuwa anapita na baiskeli, lakini nimefanya. Kidole kinapita. Gari haligongi tena.

Sasa linatetemeka. Kila kitu kinatetemeka: kioo, usukani, meno ya bandia ya mama. Anayavua tukifika barabara kuu na kuyaweka kwenye mkoba, na tukifika hospitali muuguzi humsubiri ayavae ndipo amsalimie. Na kuna mlio mpya. Si wa kugonga, ni kama mtu anapumua kwa meno, fss, fss, nikipanda kilima. Unatoka palepale nilipopiga nyundo au karibu yake.

Jambo jingine, sakafu chini ya miguu ya mama imeliwa na chumvi ya barabarani. Nikiinua mkeka naona lami ikipita. Nimetandika kipande cha zulia la zamani asije akaona akaogopa.

Sherehe ya viazi imepita salama. Mama alikaa kwenye meza ya wamenya viazi tangu asubuhi, akawashinda wasichana wote kwa midomo na kwa kisu pia. Alitoka kwenye mashine jana yake, na ungedhani katoka harusini. Tulirudi na vioo wazi, anaimba, mimi namwomba anyamaze.

Huo mlio ni wa nini?

Berni

*

Ziwa Superior
Septemba 25, 1983

Berni, fundi mkuu,

Nilijua utaweza. Nimewasomea barua yako chumba kizima cha injini, na mkubwa wangu anauliza kama unatafuta kazi. Nimemwambia unatafuta mume kwanza. Usinipige.

Mtetemo ni kawaida, chuma hakimezi kama mpira. Mtazoea. Na huo mlio usikutie wasiwasi, ni gasketi kwenye maungio ya bomba, inajipanga upya baada ya kuchomwa moto. Halafu baridi imeshaanza. Fungeni vioo, washa hita, hutausikia tena.

Huku tunakula uji wa ukungu asubuhi na jioni. Nalala nikiwa nimesimama.

Florian

*

Posen
Oktoba 14, 1983

Kaka,

Leo sina habari za gari. Tumefunga vioo kama ulivyosema na halisikiki sana.

Ni mama. Amebadilika, Florian. Tangu mwanzo wa mwezi, siku za mashine anarudi hajiwezi. Kichwa kinampasuka, anatapika kwenye mkebe wa kahawa niliouweka miguuni pake, nikifika nyumbani namshusha kama gunia. Kesho yake mchana anapata nafuu kidogo, anamenya viazi viwili, anakaa. Halafu siku ya mashine imefika tena. Daktari anasema ni umri, mwili unakataa, wazee wengi hufikia hapo. Alisema kwa upole, lakini alikuwa anaangalia saa.

Mimi mwenyewe sijielewi. Natoka Alpena nimechoka kama niliyevuna shamba zima, na nimekaa tu kwenye usukani. Alhamisi nilisinzia, gari likaingia kwenye majani. Mama hakushtuka hata. Alikuwa amelala mdomo wazi, nikamtikisa mpaka akaamka.

Jumamosi iliyopita gurudumu lilipasuka mlangoni tu, basi Norbert akampeleka na lori lake na kumrudisha. Siku hiyo sijui watakatifu gani walimgusa. Alishuka anadai soseji, na walikuwa wamegombana njia nzima kuhusu bei ya viazi. Nilifurahi nikalia jikoni. Jumanne tukaenda kwa gari letu, akarudi kwenye mkebe wake.

Sasa sikiliza. Anasema basi. Anasema akishazuru kaburi la baba Siku ya Marehemu Wote, hatarudi kwenye mashine. Alimwita Father Zygmunt, naye kamwambia kuacha mashine si dhambi, ni kumwachia Mungu. Wote tunajua maana yake. Ni wiki moja, mbili kwa mtu mwenye bahati.

Nilitakiwa nipige kelele. Sikupiga. Nilisema, "Sawa, mama, tutaona," kisha nikaenda kuosha vyombo, na nikiwa naosha nilihisi nafuu. Mungu anisamehe. Nimechoka kiasi kwamba niliwaza asubuhi moja ya Jumanne nikiwa nimelala.

Wewe ndiye mkubwa. Nijibu, na usinijibu kwa mzaha.

Berni

*

Detroit
Oktoba 20, 1983

Berni,

Nimesoma barua yako mara nyingi, na boti ya posta ndiyo ile naiona inakuja, kwa hiyo nitasema kwa kifupi.

Mwache apumzike. Ameteseka vya kutosha. Sitaki mama afe akiwa amejiinamia kwenye mkebe wa kahawa. Kama ameamua, nami nakubali, na usijilaumu kwa lolote ulilohisi. Umembeba wewe peke yako.

Nitaomba ruhusa nishuke. Mkubwa wangu anasema mpaka apatikane mtu wa zamu yangu. Usimwambie mama kwamba tumeandikiana haya. Mwambie namsalimu.

Florian

*

Ziwa Huron
Oktoba 30, 1983

Berni,

Sijui kama mama anaongea na wewe. Sijui kama ataongea na mimi. Nakuandikia yote ili uijue habari kutoka kwangu, si kutoka kwa wake za mabaharia.

Juzi mwenzangu Delbert alikuwa anafanya kazi peke yake kwenye chumba cha jenereta. Alitoka ameshika kichwa, akatapika kwenye ngazi, akasema, "Nimechoka, Florian, niache nilale hapahapa." Miguu ilikuwa imemwisha. Mkubwa akanusa hewa akasema, "Hapa pana ekzosi inayovuja." Tukamburuta mpaka juu kwenye upepo. Alikaa pale amejifunika koti, amepauka. Baada ya muda mfupi akainua kichwa akasema, "Leo kuna soseji?"

Nikamwangalia. Mama kwenye lori la Norbert alirudi akidai soseji. Mama na vioo wazi alirudi akiimba. Mama na vioo vilivyofungwa, kwa maagizo yangu, alirudi anatapika. Mpira ulikuwa unameza mtetemo wa injini. Mimi nimeuondoa, na mtetemo wote umeingia kwenye bomba. Bomba lenyewe nilikwambia ulichome ulipige nyundo, ukaliondolea nguvu. Limepasuka, na ufa uko chini ya tundu la sakafu, chini ya zulia, chini ya miguu ya mama yangu.

Nilipanda mbio kwa kapteni kuomba simu ya redio. Wajua kwa nini sikuwahi kuipiga hiyo simu. Kila meli ziwani inasikia, na huko pwani akina mama wanaweka redio juu ya friji na kusikiliza wakipika. Nilisimama pale na kile kipaza sauti nikaogopa kwamba nikinyamaza kidogo tu nitashindwa. Kwa hiyo nilipoambiwa nyumbani wamepokea, nilibonyeza kitufe na sikukiachia. Na ukibonyeza kitufe, husikii mtu wa upande wa pili.

Nilisema: "Berni, usimweke mama kwenye lile gari tena, hata kidogo. Si mashine inayomchosha, ni gari, ni kazi yangu mimi. Bomba limepasuka, mnavuta moshi, wewe na yeye. Mpeleke kwa lori la Norbert. Ile barua niliyosema mwache apumzike, ichome. Nilikosea. Mwambie aendelee kwenda kwenye mashine, na usimwambie kwamba tulikuwa tumekubaliana aache."

Nikaachia kitufe. Sauti ikasema: "Florian, ni mama. Berni yuko ghalani."

Kisha akasema: "Kumbe mlikubaliana?"

Nilibonyeza kitufe, sikupata neno. Meli zote kati ya hapa na Duluth zilinisikia nikiwa sina neno. Nilipoachia, alikuwa ameshakata.

Niandikie. Hata kama ni matusi.

Florian

*

Posen
Novemba 6, 1983

Florian,

Niliporudi kutoka ghalani nilimkuta amekaa kwenye kiti cha simu, amevaa koti. Akasema, "Kamwite Norbert, tena msitumie gari." Nikadhani amechanganyikiwa. Kisha akanieleza ulichosema, neno kwa neno, hakuruka hata lile la mwisho.

Norbert aliinua gari jioni ileile. Ufa upo, unaingiza ukucha, umeanzia kwenye alama ya nyundo yangu. Nilipoligeuza zulia upande wa chini lilikuwa jeusi kama sufuria ya jikoni. Norbert alikaa muda mrefu chini ya gari. Nilisubiri akucheke, hakucheka. Alitoka akapangusa mikono, akasema, "Siku ile mimi niliangalia nafasi ya bomba tu. Sakafu sikuitazama." Amerudisha mpira, ameweka bomba jipya, ameziba sakafu kwa bati. Lakini mama hataki kulipanda, anaenda na lori.

Hospitali walitupima damu wote wawili, wakakuta moshi. Muuguzi alisema tungeendelea mpaka theluji ianguke, na hita ikiwaka muda wote, asingekuwa na mtu wa kumpima. Daktari aliomba radhi. Safari hii hakutazama saa.

Mama hatapiki. Juzi alikula, akaacha, akala tena. Kichwa changu kimekuwa chepesi mpaka naona aibu. Ule uchovu wote niliouita maisha yangu, nusu yake ilikuwa bomba.

Lakini hajaniambia kama ataendelea na mashine. Siku ya Marehemu Wote alikwenda makaburini, akakaa kwa baba, hakutaka nimshike mkono. Na kuhusu barua yako, ulipoandika mwache apumzike, niliikunja nikaitia mfukoni mwa aproni, nikamwambia, "Florian anakusalimu," nikamwekea supu ya viazi. Alisema, "Asante, naye msalimu." Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Anasema atakuandikia mwenyewe. Nimempa kalamu na miwani, kanifukuza jikoni.

Berni

*

Posen
Novemba 13, 1983

Mwanangu Florian,

Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu macho ni mabovu, si kwa sababu napiga kelele. Kelele nitapiga ukija.

Kwanza ujue umenifanya mtu maarufu. Kanisani mke wa Kowalczyk, yule mwenye redio juu ya friji, aliniuliza mbele ya watu kama bado ninakufa au nimeahirisha. Nikamwambia aulize watoto wangu, wao ndio wenye ratiba.

Sina hasira na vyuma vyako. Baba yako aliwahi kufunga mlango wa zizi kwa ndani akiwa nje. Mtu anayetengeneza vitu hukosea vitu. Nina hasira na jambo jingine, nalo nitalisema mara moja.

Nilikuwa nimechoka. Nilichoka mpaka nilitamani kufa, si maneno, nilitamani kweli. Nikawaambia watoto wangu. Mmoja akasema sawa mama, tutaona. Mwingine, Berni amenisomea barua yake, akaandika kwa kifupi kwa sababu boti ya posta ilikuwa inakuja. Hakuna aliyeniuliza, mama, uchovu huu umeanza lini? Unakupata ukitoka wapi? Padri alikubali, daktari alikubali, nanyi mkakubali. Watu wema wote, wapole wote. Nilizungukwa na watu wanaokubali. Aliyenibishia mwezi ule mzima ni Norbert, na alibisha kuhusu viazi.

Najua nanyi mlikuwa mmechoka. Berni alikuwa ananywa moshi uleule, na wewe unalala umesimama. Nimewasamehe, nimeshamwambia Berni jana, tumelia, tumekula, yamekwisha. Wewe nakusamehe kwa barua hii, uiweke.

Jumanne nilikwenda kwenye mashine. Alhamisi nilikwenda, na jana pia. Bado nachoka, usije ukadhani nimekuwa msichana. Ile mashine inanyonya mtu. Lakini huu uchovu naujua, unaanzia mkononi kwenye sindano na unaisha kesho yake mchana. Ni wangu, na ninauweza kwa sasa.

Iko siku nitaushindwa. Siku hiyo nitasema tena kwamba basi, nitasema mezani, nyote wawili mkiwepo. Na nyinyi mtanibishia. Mnasikia? Mtapiga meza, mtaniita mkaidi, mtanikumbusha baba yenu, mtalia kama mnaweza. Mkishabisha mpaka mkaishiwa, na mimi bado nasema basi, ndipo mtanyamaza na kunishika mkono. Lakini mbishe kwanza.

Maziwa yakiganda barafu na meli ikilazwa bandarini, njoo nyumbani.

Mama yako,
Apolonia Wojtas